Kibao Kimoja, Karatasi Nyingi: Maswali ya Wasomaji Juu ya Sanaa ya Chapa

Tangu gazeti hili lilipotoa picha zangu mbili za chapa, nimepokea barua nyingi kutoka kwa vijana wenye raghba ya sanaa hii. Na kwa kuwa nyingi zauliza jambo lile lile kwa maneno mbalimbali, nimeona bora nizijibu hapa kwa pamoja, kuliko kumwandikia kila mmoja waraka wake kwa mkono ambao patasi imekwisha kuuchosha.

Mwalimu, kuna haja gani ya kuchonga kibao, ilhali mtu aweza kuchora picha yake moja kwa moja juu ya karatasi?

Mchoraji huongeza, mchongaji hupunguza, na tofauti hiyo yaonekana hata kwa jicho lisilofundishwa: mstari uliopita chini ya patasi una ukali ambao kalamu haiufikii. Mtazame marehemu John Muafangejo wa Namibia, aliyesoma kazi hii Rorke's Drift, Afrika Kusini, jinsi alivyojaza picha zake watu, wanyama na maneno, kwa nyeusi na nyeupe tu. Na kila herufi ilimbidi aichonge kinyume, ili ikipigwa chapa isomeke sawasawa. Fauka ya hayo, kibao kimoja huzaa karatasi nyingi, na kila moja ni asili. Sisi watu wa pwani jambo hili lisitushangaze, maadamu kanga za kwanza, kabla ya mashine za viwandani, zilipigwa nakshi kwa vibao vya mti vilivyochongwa kwa mkono.

Nianze na vifaa gani?

Kipande cha linoliamu, patasi mbili ndogo, rola ya mpira, wino wa mafuta, na mwiko. Linoliamu aliibuni Mwingereza Frederick Walton kwa mafuta ya kitani, akaipatia hataza mwaka 1863, kwa ajili ya sakafu wala si kwa ajili yetu. Iweke juani dakika chache italainika. Mashine si sharti: mgongo wa mwiko, ukisuguliwa kwa saburi, hutoa chapa safi. Na mkono usioshika patasi ukae nyuma ya patasi siku zote. Nina kovu la kuthibitisha.

Nimesikia kwamba rangi nne zaweza kutoka katika kibao kimoja. Yawezekanaje?

Ni kweli, na hapa ndipo nilipopoteza karatasi nyingi kuliko mahali pengine popote. Huchongwa kwanza sehemu zitakazobaki nyeupe, kibao kikapakwa rangi iliyo nyepesi kupita zote, tuseme manjano, na karatasi zote zikapigwa. Kisha kibao hicho hicho huchongwa tena pale panapotakiwa kubaki manjano, kikapakwa rangi ya pili iliyo nzito zaidi, zikapigwa karatasi zile zile juu ya chapa ya kwanza. Na hivyo hivyo mpaka rangi ya mwisho, ambayo aghalabu ni nyeusi, na wakati huo kibao kimekwisha kuliwa, hakikubakiza ila mifupa. Huwezi kurudi nyuma: ukiisha kuchonga kwa ajili ya rangi ya pili, ile manjano haipatikani tena, na idadi ya karatasi uliyoanza nayo siku ya kwanza huwezi kuizidisha kabisa. Picasso aliifuata njia hii huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa, akisaidiwa na mchapaji Hidalgo Arnéra, naye Picasso wakati huo amekwisha kupita umri wa miaka 75. Na katika zama zetu Fred Mutebi wa Uganda amejulikana kwa njia hiyo hiyo juu ya mbao.

Adui wa kazi hii katika pwani yetu ni unyevu. Karatasi huunywa ikatanuka, nayo hutanuka upande mmoja kuliko mwingine, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi zake. Basi karatasi iliyopigwa manjano siku za ukavu, ikaja kupigwa buluu masika yameingia, rangi ya pili haitulii juu ya ya kwanza, na samaki uliyemchora huonekana kama aliyetoka nje ya ngozi yake. Mwaka mmoja nalianza na karatasi 24, nikawa nangoja wino ukauke, mvua zikanikuta, na zilizosalimika zilikuwa 15. Tangu hapo huzilaza karatasi kati ya mbao mbili zilizolemewa na mawe, na sianzi kazi ya rangi nyingi mwezi wa Aprili, hata nikiombwa.

Asiyependa mashaka hayo na ajaribu hila ya Edvard Munch wa Norway, aliyekikata kibao vipande kwa msumeno mwembamba, kila kipande akakipaka rangi yake mbali, kisha akavipanga pamoja na kuvipiga kwa mkupuo mmoja.

Nakala iliyotoka hafifu niitupe?

Usiitupe. Edgar Degas alikuwa akichora kwa wino juu ya bamba, akapiga karatasi ya kwanza, na kwa wino kidogo uliosalia akapiga ya pili, hafifu kama kivuli. Kisha hiyo ya pili akaipaka chaki za rangi, ikawa kazi kamili. Walakini karatasi ya namna hiyo iko peke yake duniani, wala si haki kuiandikia namba kana kwamba ina ndugu.

Namba hizo zina maana gani hasa?

Chini ya picha, kwa penseli, kushoto huandikwa mathalan 3/15, yaani karatasi ya 3 katika 15, katikati jina la picha, kulia sahihi. Ni ahadi kwa mnunuzi. Akiisha kuambiwa ziko 15, kisha zikazuka 40, huyo ameibiwa, hata kama karatasi aliyo nayo ni nzuri. Kwa hiyo kibao kilichomaliza idadi yake hukwaruzwa toka pembe hadi pembe.

Nipeleke nini mbele ya waamuzi wa maonyesho?

Peleka lile uwezalo kulirudia. Jaribio lililofanikiwa mara moja kwa bahati liache mezani mpaka ulifahamu. Soma masharti yote, hasa juu ya ukubwa, kwani aghalabu hupimwa pamoja na fremu, na juu ya ada, ambayo kwa kawaida hairudi. Siku hizi waamuzi wengi huanza kwa kutazama picha ya kamera tu. Ipige kazi yako kabla ya kuitia kioo, na ikiwa karatasi ina mabonde ya shinikizo, mwanga uje kwa ubavuni, la sivyo uhodari wako wote wa mkono hautaonekana.

Tena usiwaonee wivu wachoraji wa rangi za mafuta. Katika maonyesho ya kiangazi ya Royal Academy mjini London, ambayo hufanywa kila mwaka tangu 1769 na hupokea kazi za mtu yeyote, picha ya mafuta ikiuzwa hubandikwa kidoto kimoja chekundu. Picha ya chapa yaweza kuzungukwa na safu nzima ya vidoto, kimoja kwa kila nakala.

Mwalimu, nimekataliwa mara tatu. Niache?

Mwaka ule ule wa hataza ya linoliamu, waamuzi wa Paris walikataa zaidi ya nusu ya kazi walizoletewa, hata mfalme Napoleon III akaamuru waliokataliwa wapewe ukumbi wao. Miongoni mwao walikuwamo Manet na Whistler, na wote wawili walikuwa wachapaji kama wewe. Mwenye picha moja akikataliwa hana budi kuingoja irudi. Wewe, masharti yakiruhusu, waweza kupeleka nakala nyingine kwingine siku hiyo hiyo.

Ile picha yangu ya samaki imekwenda mbele ya waamuzi mara tatu. Nakala ya 1/15 ilirudishwa. Ya 2/15 ilitundikwa, ikanunuliwa. Ya 3/15 ilirudishwa, na kioo kimevunjika njiani. Zimesalia 14, nazo zimelala katika mtoto wa meza.