Imani Yetu Mlangoni pa Jirani



Kila Dominika makanisa yetu hujaa watu. Twaimba, twasikiliza Neno la Mungu, twapokea Mwili wa Bwana, kisha Padre atuaga twende kwa amani. Neno hilo la mwisho tumelizoea mno, hata pengine twalisikia kama wanafunzi wasikiavyo kengele ya jioni: kazi imekwisha, kila mtu ashike njia yake. Lakini maana yake si hiyo. Padre hatufungii mlango, anatutuma. Ibada iliyofanyika altareni yapasa sasa iendelee njiani, sokoni, shambani, ofisini, na hasa mlangoni pa jirani.

Katika somo la juma hili twataka kutazama jambo hilo moja: jinsi Mkristo aishivyo imani yake kwa kuwatumikia wenzake siku kwa siku. Hatusemi juu ya kazi kubwa zinazotangazwa. Twasema juu ya maji, kuni, uji wa mgonjwa, na saa moja ya kukaa na mzee asiye na mtu.

MAFUNDISHO YA BWANA WETU

Usiku ule wa kuamkia mateso yake, Bwana wetu Yesu Kristo aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akatia maji chomboni, akaanza kuwaosha mitume miguu. Kazi hiyo ilikuwa ya mtumishi wa chini kabisa nyumbani. Petro aliona haya, akataka kukataa. Hata Yuda alikuwapo, naye alioshwa. Kisha Bwana akawaambia kwamba amewapa mfano, nao watendeane vivyo hivyo.

Tena, alipofundisha habari za hukumu ya mwisho, Bwana alitaja mambo ambayo hata mtoto ayafahamu: mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa, mfungwa. Hakuna hata moja linalohitaji elimu kubwa au mali nyingi. La kushangaza ni kwamba waliohukumiwa hawakushtakiwa kwa kuua wala kwa kuiba. Walishtakiwa kwa kupita. Walimwona mtu, wakapita. Na mtu yule alikuwa Kristo mwenyewe.

Basi na tujihoji. Wengi wetu, tukijiandaa kwa kitubio, hukumbuka matusi, uongo na hasira zetu. Ni wachache wanaokumbuka mlango waliopita bila kubisha.

JINSI WAKRISTO WA KWANZA WALIVYOFANYA

Yapata miaka mia moja na ishirini baada ya Ufufuko, Mtakatifu Yustino Shahidi alimwandikia Kaisari wa Roma kumweleza jinsi Wakristo wanavyosali. Alieleza masomo, mahubiri, sala na Komunyo. Kisha akaeleza kwamba Komunyo hupelekwa na mashemasi kwa wasioweza kufika, na kwamba wenye uwezo hutoa kadiri wapendavyo, na mkuu wa kusanyiko hutumia vitu hivyo kuwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Angalieni mpango huo: Yustino hakuandika habari za Misa katika barua moja na habari za maskini katika barua nyingine. Kwake yote yalikuwa jambo moja. Mkono uliopokea Mkate mtakatifu ndio mkono uliompelekea mjane chakula.

MGANGA WA KAREMA

Huenda msomaji akasema, "Hao walikuwa watu wa zamani za mbali, tena mashahidi." Haya, na tuje kwetu.

Karema iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Katavi. Mwaka 1889 alifika hapo kijana mmoja Mwafrika aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi za mto Niger, upande wa Timbuktu. Akiwa bado mtoto alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa. Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha huko Aljeria, wakamlea, naye akabatizwa. Kisha Kardinali Lavigerie akampeleka pamoja na vijana wengine kisiwani Malta kusomea uganga. Alipohitimu, alitumwa Tanganyika awe mganga na katekista.

Alioa hapa kwetu, na mwanawe akawa padre mwaka 1923. Yeye mwenyewe aliendelea kuwatibu wagonjwa na kuwafundisha watu dini mpaka alipofariki mwaka 1956, akiwa mzee wa miaka kama tisini. Tangu kufika kwake hata kufa kwake ni miaka 67, na muda huo wote aliutumia katika nchi ile ile.

Katika lugha yetu ya Kiswahili, maneno mtumwa, mtumishi na mtume ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametokana na kutuma. Adrian Atiman aliyajua yote matatu katika mwili wake. Watu wabaya walimfanya mtumwa kwa nguvu; yeye akajifanya mtumishi kwa hiari; na Mungu akamfanya mtume. Angaliweza kuwa na uchungu juu ya wanadamu hata mwisho wa siku zake, na nani angalimlaumu? Badala yake, mikono iliyofungwa kamba utotoni ikawa mikono ya kufunga vidonda vya wengine.

Msomaji asiseme, "Mimi si mganga, mfano huu haunihusu." Twautaja mfano huu kwa ajili ya mambo manne yaliyo wazi katika maisha yake, na kila jamaa ya Kikristo yaweza kuyaiga.

MAMBO MANNE YA KUIGA

La kwanza ni ukaribu. Atiman aliwahudumia watu aliokaa nao. Siku hizi twaweza kusikia kwa simu habari za njaa na vita vya nchi za mbali, tukasikitika kweli, na huku hatujui kwamba bibi wa nyumba ya tatu hajawasha moto tangu jana. Kuwahurumia walio mbali ni vyema, na sadaka ya kuwasaidia ni wajibu; lakini huruma isiyomjua jirani kwa jina ni rahisi kugeuka kuwa maneno matupu. Ndiyo maana Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, walikata shauri kwamba Kanisa katika nchi zetu lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Jumuiya si mahali pa kusali rozari na kukusanya michango tu. Ni mahali pa kujua nani amelala mgonjwa, mtoto wa nani hana kalamu, na mjane yupi anavujiwa na paa.

La pili ni kudumu. Ni rahisi kuwa na moyo mwema siku ya msiba. Siku hiyo nyumba hujaa watu, sufuria huletwa, michango huandikwa daftarini. Baada ya siku arobaini mjane hubaki na watoto wake, na njia ya kwenda kwake huanza kuota majani. Utumishi wa Kikristo hupimwa hapo. Afadhali mtu anayemchotea mzee ndoo moja ya maji kila Jumamosi mwaka mzima kuliko yule aletaye debe kumi siku moja asionekane tena. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee wetu, na neno lao lafaa hata katika mambo ya roho.

La tatu ni kwenda wenyewe. Fedha ina kazi yake, tena leo yaweza kupelekwa kwa simu kabla mtu hajanyanyuka kitini. Lakini fedha haiwezi kumgeuza mgonjwa ubavu, wala kumsikiliza mama aliyefiwa, wala kumfulia shuka. Tulijaribiwa sana katika jambo hili tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi ya Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera. Hofu iliingia hata katika nyumba za Wakristo. Wako wagonjwa waliotengewa sahani na kikombe, wakasemeshwa kwa mbali, wakafa na kiu ya kushikwa mkono. Lakini wako pia akina mama na vijana, ambao majina yao hayakuandikwa gazetini, waliovuka kizingiti, wakawaogesha wagonjwa na kuwalisha uji kwa kijiko, wakabaki na mayatima. Hao waliihubiri Injili, na hata wasiokwenda kanisani waliisikia.

La nne ni heshima. Bwana wetu alipoosha miguu alipiga magoti. Hakusimama juu ya mtu. Anayesaidiwa si ngazi ya sisi kupandia. Tusimpe nguo ambayo sisi wenyewe tungeona aibu kuitia ndani. Tusimpige picha akiwa na unga wetu mikononi, tukaituma huku na huku ili tusifiwe. Tusitangaze shida yake penye watu. Na tumwache naye atupe alicho nacho, hata kama ni muhogo mmoja au sala moja ya mzee kitandani. Maana mtu apokeaye siku zote bila kuruhusiwa kutoa huonewa. Tenda wema, nenda zako.

TUANZIE NYUMBANI

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo huenda likamchoma mtu. Wako wanaojulikana parokiani kwa bidii, wakiwa wa kwanza katika kila kamati, lakini nyumbani mwao mke hubeba kuni, maji na mtoto mgongoni, huku mume amekaa akingoja chakula. Wako wanaowakirimu wageni, na binti anayewafanyia kazi za nyumbani hula makombo, hapumziki, wala hapati mshahara wake kwa wakati. Huyo binti naye ni jirani. Kristo anayetafutwa hospitalini huenda anaosha vyombo jikoni mwetu.

Kadhalika na wazee wetu. Kumtumia baba fedha za dawa kila mwezi ni kutimiza sehemu ya amri ya nne ya Mungu. Kukaa naye, kumsikiliza akirudia hadithi ile ile kwa mara ya kumi, bila kumkatiza, ni kutimiza sehemu nyingine, na huenda ndiyo iliyo ngumu zaidi.

Watoto hujifunza utumishi kwa macho kuliko kwa masikio. Mama amtumaye mtoto kupeleka bakuli la maharagwe kwa jirani mgonjwa, kabla ya wao wenyewe kuketi kula, amemfundisha katekisimu ambayo haitasahauliwa.

VISINGIZIO VYETU

Wengine husema, "Sina kitu." Kutoa ni moyo, si utajiri. Mjane wa Injili alikuwa na senti mbili tu, na Bwana akamsifu kuliko matajiri. Asiye na senti ana miguu. Asiye na miguu ana ulimi wa kufariji. Na mgonjwa asiyeweza kuondoka kitandani aweza kuwaombea wengine na kuwapokea kwa uso mwema.

Wengine husema, "Sina nafasi." Kuhani na Mlawi, katika mfano wa Msamaria mwema, bila shaka nao walikuwa na safari. Kila mmoja wetu atazame saa anazozipoteza katika mazungumzo yasiyojenga au katika kutazama simu, na ajiulize kama kweli nusu saa kwa juma haipatikani.

Tena wako wanaosema, "Huyo si wa dini yetu." Swali hilo Bwana wetu alikwisha kulijibu kwa mfano ule ule, alipomfanya mtu wa dini iliyodharauliwa kuwa mwalimu wa wote. Katika miji na vijiji vyetu Mkatoliki, Mwislamu na Mlutheri huteka maji kisima kimoja. Njaa haina dhehebu. Tumsaidie jirani kwa kuwa ana shida. Tusiufanye msaada kuwa chambo cha kumvutia.

AZIMIO LA JUMA HILI

Somo lisilo na tendo ni kama mbegu iliyobaki ghalani. Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu, jioni moja juma hili baada ya sala ya pamoja, baba, mama na watoto wakae na kujibu maswali haya:

1. Katika nyumba kumi zinazotuzunguka, ni nani mgonjwa, mzee wa peke yake, au mwenye shida? Twamjua kwa jina?

2. Ni lini tulikwenda kwake mara ya mwisho, bila kuwako msiba wala sherehe?

3. Ni nani humu nyumbani mwetu anayefanya kazi kuliko wengine bila kushukuriwa?

4. Ni tendo gani moja dogo tutakaloweza kulifanya kila juma, mpaka Pasaka ijayo, bila kuacha?

Jibu la swali la nne liandikwe, nalo lisiwe kubwa kupita nguvu zetu. Ahadi kubwa huchoka mapema. Kisha achaguliwe mmoja, yafaa awe mtoto, wa kuwakumbusha wengine.

Huenda mtu huyo tunayemfikiria hana siku nyingi zilizobaki. Huenda leo jioni amekaa kitandani, akisikiliza kama kuna nyayo zinazokuja. Tusingoje mpaka tuitwe kuchimba kaburi ndipo tufike nyumbani kwake. Tumwombe Mwenyezi Mungu, kwa maombezi ya Bikira Maria aliyefanya haraka kwenda milimani kumtumikia Elizabeti, atupe miguu myepesi na moyo wa unyenyekevu. Ili Dominika ijayo, Padre atakapotuaga, tutoke kanisani kama watu waliotumwa.