SOMO LA AFYA: KUZITAMBUA ATHARI ZA DAWA ZINAZOPUNGUZA MAPIGO YA MOYO

Miongoni mwa dawa wanazoandikiwa wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu ni zile zinazouzuia moyo usiitikie mno homoni ya adrenalini. Moyo hupiga polepole zaidi na kazi yake hupungua. Majina ya dawa hizo humalizikia kwa herufi "lol", kama vile propranolol, atenolol, bisoprolol na carvedilol. Mgonjwa anashauriwa kulisoma jina lililoandikwa katika pakiti yake.

Athari za kawaida ni uchovu, kizunguzungu wakati wa kuinuka, ubaridi wa vidole na ndoto za kutisha. Aghalabu hupungua baada ya wiki chache. Baadhi ya wanaume hupungukiwa na nguvu za kiume, wakaona haya kusema na kuiacha dawa kimya kimya. Daktari aelezwe, kwani huweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa.

Dalili zifuatazo zisipuuzwe:

(a) Mapigo ya moyo kushuka chini ya 50 kwa dakika, au mgonjwa kuzimia. Mapigo huhesabiwa kifundoni mwa mkono, upande wa kidole gumba, kwa muda wa dakika nzima, mgonjwa akiwa amepumzika.

(b) Kifua kubana na pumzi kutoa mlio. Mwenye pumu amjulishe daktari kabla ya kuanza dawa.

(c) Miguu kuvimba, uzito kuongezeka kwa siku chache, au pumzi kuwa nzito mgonjwa anapolala chali.

Mwenye kisukari ana hadhari ya ziada. Sukari inaposhuka, kwa kawaida mwili hutetemeka na moyo huenda mbio. Dawa hizi huzificha dalili hizo mbili, ila jasho hubaki. Hivyo, mgonjwa anayetokwa na jasho bila ya sababu apimwe sukari mara moja. Ikiwa hakuna kipimo, apewe kitu cha sukari iwapo anaweza kumeza.

Jambo lililo kubwa kuliko yote ni kwamba dawa hizi haziachwi ghafla. Moyo uliozoea kuzuiliwa hurejea kwa kasi, na mgonjwa huweza kupata maumivu makali ya kifua, hata shambulio la moyo. Kipimo hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Kwa hiyo, msafiri wa Unguja, Pemba au Bara achukue vidonge vya kutosha na siku za ziada, maana safari ya bahari huweza kuahirishwa. Vile vile, anayekusudia kufunga Ramadhani amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, ili apangiwe saa za kumeza dawa.

Mwenye kuona dalili ya (a), (b) au (c) asisubiri siku ya kliniki. Anatakiwa afike katika kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na pakiti ya dawa yake mkononi. Anayezimia, anayeshindwa kupumua au mwenye maumivu ya kifua apelekwe hospitali bila ya kuchelewa.