Vinyama katika Tundu la Mkojo: Vyanzo, Uchunguzi na Tiba

Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi anapoona doa la damu kwenye nguo ya ndani, huweza kudhani kwamba hedhi imerudi au kwamba amepatwa na saratani. Mama anayemwogesha binti yake wa miaka mitano, akakuta uvimbe mwekundu unaotoa damu, huweza kuamini kwamba mtoto ameingiliwa. Watu hao, wawe Mshangano katika Manispaa ya Songea au kwingineko, huenda wana tatizo dogo la tundu la mkojo lenye tiba nyepesi. Hata hivyo, jibu hupatikana kwa uchunguzi, si kwa kukisia.

Karunkuli

Karunkuli ni kinyama laini, chekundu, kinachoota kwenye ukingo wa nyuma wa tundu la mkojo, upande unaoelekea uke. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Homoni ya estrojeni inapopungua, utando wa mrija wa mkojo huwa mwembamba na mkavu, kisha sehemu yake hugeuka na kujitokeza nje. Wengi hawasikii chochote. Wengine hupata maumivu wakati wa kukojoa au damu kidogo wanapojifuta.

Karunkuli isiyo na dalili haihitaji tiba. Yenye dalili hutibiwa kwa kukalia maji ya uvuguvugu katika beseni safi na kwa krimu ya estrojeni inayoandikwa na daktari. Mgonjwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti amweleze daktari kabla ya kuitumia. Kinyama kikubwa, kinachotoa damu mara kwa mara au kinachotia shaka hukatwa chini ya ganzi.

Kuchomoza kwa utando wa mrija

Hapa utando wote wa mwisho wa mrija hutoka nje na kufanya uvimbe wa mviringo kama pete, tundu la mkojo likiwa katikati. Huonekana kwa wasichana ambao hawajabalehe, hasa wenye asili ya Afrika, na kwa wanawake waliokoma hedhi. Kikohozi cha muda mrefu na choo kigumu huchangia kwa kuongeza msukumo tumboni. Tiba huanza kwa maji ya uvuguvugu, krimu ya estrojeni na kutibu kikohozi au choo kigumu. Uvimbe uliogeuka mweusi, au mtoto kushindwa kukojoa, ni dharura ya hospitali.

Mhudumu akumbuke mambo mawili. Pete hiyo huweza kueleza damu yote iliyoonekana, hivyo asimtuhumu mtu kwa sababu ya damu peke yake. Wakati huohuo, haiondoi uwezekano wa ukatili. Mtoto asikilizwe kwa utulivu na utaratibu wa ulinzi wake ufuatwe panapokuwa na dalili nyingine.

Masundosundo na kichocho

Masundosundo husababishwa na virusi vya papiloma, hasa aina ya 6 na ya 11, na huwapata wanaume na wanawake. Huondolewa kwa dawa ya kupaka, kugandishwa kwa baridi kali au kuchomwa kwa umeme. Dawa ya podofilini haitumiki kwa mjamzito. Mwenzi achunguzwe, na kipimo cha VVU kitolewe kwa ridhaa.

Kwa aliyeoga au kuteka maji penye kichocho, mkojo upimwe, kwa kuwa mayai ya vimelea huweza kusababisha vinundu katika sehemu za siri. Prazikuanteli huua minyoo hiyo.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Kinyama kigumu, chenye kidonda, kinachokua haraka au kinachoandamana na tezi zilizovimba kwenye kinena huweza kuwa saratani. Kwa mtoto, uvimbe unaofanana na kichala cha zabibu unahitaji rufaa ya haraka.

Katika zahanati

Mhudumu aeleze anachokusudia kufanya, aombe ridhaa, afunge mlango na atumie mwanga wa kutosha. Abainishe kwanza damu inatoka wapi: katika mkojo, kwenye kinyama au ndani ya uke. Kosa kubwa ni kukiona kinyama na kukoma hapo. Kila damu baada ya kukoma hedhi inadai mlango wa kizazi na mji wa mimba vichunguzwe, hata kama karunkuli inaonekana wazi. Kwa mkazi wa Mshangano, rufaa hiyo huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Ruvuma, mjini Songea. Kila kinyama kinachokatwa kiwekwe ndani ya formalini, kiandikwe jina la mgonjwa na kipelekwe maabara ya patholojia.

Mgonjwa naye asikifunge kinyama kwa uzi, asikikate wala kukipaka dawa asiyoijua. Kumwonyesha mhudumu sehemu hiyo si aibu. Uchunguzi wa dakika chache huweza kumwondolea hofu ya miezi, au kuigundua saratani ingali inatibika.