Uandishi wa Maelekezo: Kurekebisha Maelezo ya Maktaba ya Programu

Swali
Yaandike upya maelezo yafuatayo ili mwanafunzi anayeanza kuandika programu ayafuate bila kukosea. (Alama 10)

*sin(x): hutoa sin ya x.*

Dokezo
Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa ili wengine wazitumie bila kuanza upya. Lugha ya Python, kwa mfano, ina maktaba iitwayo math, na ndani yake mna amri sin. Mtumiaji kwa kawaida haoni yaliyomo ndani ya amri, hutegemea maelezo.

Kasoro iko wapi?
Maelezo hayo si ya uongo, ila yamepungua. Hayasemi x hupimwa kwa kipimo gani. Mwanafunzi ajuaye kwamba sin ya nyuzi 90 ni 1 ataandika math.sin(90), naye atapata 0.894 hivi. Kompyuta haitamwonya, kwa kuwa amri hii hupokea pembe kwa radiani, na radiani 90 ni pembe halali. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile linalosimamisha programu, maana jibu potofu huendelea kutumika katika hesabu zinazofuata.

Jibu la mfano
*Amri:* math.sin(x)
*Kazi:* Hutoa sin ya pembe x.
*Maandalizi:* Andika kwanza import math.
*Kipimo:* x iwe katika radiani. Ikiwa pembe yako ni ya nyuzi, ibadili kwa math.radians.
*Mfano:* math.sin(math.radians(90)) hutoa 1.0.
*Tahadhari:* Usiandike math.sin(90) ukikusudia nyuzi 90.

Zingatia
1. Taja kile mtumiaji anachopaswa kuingiza, kipimo chake na atakachopata.
2. Panga hatua kwa utaratibu wa utendaji.
3. Tumia kauli ya kuamuru: andika, badili, usiandike.
4. Toa mfano uliokwisha kuujaribu, pamoja na jibu lake.
5. Usiisifu programu. Msomaji ana kazi ya kufanya.

Zoezi
Katika Python, range(1, 6) hutoa nambari 1 hadi 5, ilhali random.randint(1, 6) huchagua nambari moja kati ya 1 na 6, zote mbili zikiwemo. Andika maelekezo ya amri hizi yatakayomwepusha msomaji na kuzichanganya. (Alama 10)