Meli au Kambi? Namna ya Kuchagua Likizo ya Kushona Kwilti

Amerika ya Kaskazini, mtu anayeshona kwilti akitaka likizo ya kushona ana njia mbili kubwa. Ya kwanza ni meli ya kitalii yenye darasa ndani yake: mwalimu mwenye jina, cherehani zimepangwa ukumbini, na kundi la washonaji limetengewa nafasi katikati ya abiria elfu kadhaa. Ya pili ni kambi, yaani nyumba au kituo cha mikutano ambako washonaji kumi, ishirini au arobaini hukaa siku tatu nne, kila mmoja na meza yake, wakishona hadi usiku wa manane. Wengi huchagua kwa kutazama picha za barafu ya Alaska. Mimi nakushauri uchague kwa kuhesabu saa utakazokaa mbele ya cherehani.

Hatua ya kwanza: Amua unachotaka kurudi nacho

Kama kabatini una kwilti iliyounganishwa juu lakini bado haijatiwa pamba wala kitambaa cha chini, au vipande vya kitenge ulivyokata kwa ajili ya harusi ya mpwa wako na harusi imeshapita, nenda kambini. Huko hakuna anayekupangia kazi. Unabeba yako, unaimaliza, na wenzako wanakusaidia kuchagua rangi ya pindo. Mwalimu akiwepo, huja anapoitwa.

Melini unafundishwa. Utapewa ruwaza moja au mbinu moja, vitambaa vya kazi hiyo, na mara nyingine maagizo ya kukata vipande nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari. Utashuka na ujuzi mpya na kwilti ambayo haijaisha. Kwa mshonaji aliyekwama kwenye ruwaza zile zile miaka nenda miaka rudi, hiyo ni zawadi kubwa. Kwa mwenye viporo vitatu nyumbani, ni kiporo cha nne.

Hatua ya pili: Hesabu saa

Chukua safari ya Alaska, maana ndiyo inayopendwa. Meli za kutoka Seattle huenda usiku saba, na kwa kawaida hutia nanga katika bandari kama Juneau, Skagway na Ketchikan, kisha Victoria, Kanada, kabla ya kurudi. Masomo hufanyika siku ambazo meli iko baharini, kwa sababu bandarini kila mtu anataka kushuka. Siku hizo mara nyingi ni mbili, pengine tatu. Ukishona saa tano au sita kila siku, wiki nzima imekupa saa kumi hadi kumi na nane.

Sasa chukua kambi inayoanza Alhamisi mchana na kwisha Jumapili. Toa milo, toa usingizi, toa maongezi, na bado saa thelathini zinafikika bila kujitesa. Gawanya gharama yote, nauli ikiwemo, kwa saa hizo. Karibu kila mara kambi itakuwa rahisi zaidi kwa saa. Kwa hiyo anayepanda meli ajue kwamba sehemu kubwa ya fedha yake inanunua bahari, chakula na miji ya pwani, na aone kama anavitaka hivyo kweli.

Hatua ya tatu: Tazama unayesafiri naye

Mume, dada au mtoto asiyeshona atafurahi melini, na kambini atachoka kabla ya jioni ya kwanza. Sababu hii peke yake inatosha kuchagua meli, hata kama hesabu ya saa imekataa.

Hatua ya nne: Soma bei hadi mstari wa mwisho

Bei ya meli inayotangazwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Ukilala peke yako unaweza kutozwa karibu mara mbili. Ongeza kodi za bandari, bakshishi ambayo kampuni kubwa hukata dola 15 hadi 20 hivi kwa kila mtu kwa siku, intaneti, na ada ya darasa ambayo mara nyingi husimama peke yake. Jambo la kuangalia kwa makini: makundi mengi hutaka ununue nafasi kupitia wakala wao. Ukijinunulia chumba moja kwa moja kwenye kampuni ya meli kwa kuwa umeona bei nafuu, unaweza kukuta mlango wa darasa umefungwa kwako.

Kambini uliza vitu vichache: bei ina milo mingapi, mnalala wangapi chumba kimoja, na chumba cha kushonea kiko wazi hadi saa ngapi.

Hatua ya tano: Karatasi kabla ya fedha

Hapa msafiri mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo anahitaji uangalifu kuliko jirani yake Mmarekani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzuia meli za nje kubeba abiria kwa safari ya ndani tu, na meli kubwa za kitalii karibu zote zimesajiliwa nje. Ndiyo sababu meli ya Seattle lazima ipitie Kanada, hata kwa saa chache za usiku. Mwenye grinikadi na pasipoti hai haombi viza ya Kanada. Mgeni mwenye viza ya Marekani anaihitaji, na kama viza yake ni ya kuingia mara moja, athibitishe namna ya kurudi kabla ya kulipa hata arubuni. Kambi iliyo ndani ya nchi unayoishi haina usumbufu huu.

Hatua ya sita: Chagua mahali penyewe

Kama ni meli, jua kwamba zinazoondoka Vancouver kwa kawaida hupita kwenye mkondo uliokingwa na visiwa, ilhali za Seattle mara nyingi hutoka bahari kuu. Kuinamia sindano wakati sakafu inacheza huleta kichefuchefu haraka. Omba chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini.

Kama ni kambi, tafuta iliyo karibu na kwilti zenyewe. Paducah, Kentucky, kuna Makumbusho ya Taifa ya Kwilti, yaliyofunguliwa mwaka 1991. Hamilton, Missouri, ni mji mdogo uliofufuliwa na maduka ya vitambaa. Lakini kama ningekuwa nakuchagulia mimi, ningekupeleka Gee's Bend, Alabama, hata kwa siku moja ya nyongeza. Wanawake wa pale, wazao wa watumwa, walishona kwilti kwa nguo za kazi zilizochakaa, kwa ruwaza walizozipanga kwa jicho lao wenyewe. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa Houston, kisha New York, na mwaka 2006 zikatiwa kwenye stempu za posta za Marekani. Mtu aliyelelewa akiona kanga kuukuu ikigeuzwa nepi, kitambaa cha kupangusia, kisha kiraka, hatahitaji kuelezwa thamani ya kazi ile.

Kabla ya kulipia kambi yoyote, uliza umeme. Laini ya kawaida ya Marekani ya volti 120 na ampia 15 hubeba wati 1,800, na pasi moja yenyewe huweza kula 1,500. Pasi mbili kwenye laini moja zinazima chumba kizima. Kambi nzuri huweka pasi kwenye laini zake peke yake, mbali na cherehani.

Hatua ya saba: Fungasha

Kisu cha gurudumu cha kukatia kitambaa kiweke kwenye sanduku la kupakiwa, si mkononi, ukipanda ndege. Mkasi mdogo wenye makali yasiyofika inchi nne kutoka kwenye riveti unaruhusiwa. Pasi usiibebe melini; vyumbani imepigwa marufuku kwa hofu ya moto, na darasani zipo. Cherehani melini hutolewa na waandaaji, kwa hiyo uliza aina yake ujue bobini inavyokaa. Kambini unakwenda na yako, ndiyo maana wazee wa fani bado wanaitafuta Singer 221, iliyoingia sokoni miaka ya 1930 na yenye uzito wa kilo tano tu. Cherehani uliyoinunua Afrika Mashariki ni ya volti 230 au 240. Iache nyumbani, ukaazime huko. Beba sindano za akiba, taa ndogo ya meza, na mto wa kukalia.