Maji ya Kwanza Hayanywewi

Bomba la uani likianza kukohoa alfajiri, baada ya siku mbili tatu za ukavu, nyumba nzima husikia. Hutoka hewa kwanza, kisha maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha polepole yanatakata. Ndoo zimepangwa tangu usiku, na anayewahi kuamka ndiye anayewahi kukinga, kwa hofu kwamba yatakatika tena kabla jua halijachomoza. Ndoo hiyo ya kwanza, iliyojazwa gizani kwa haraka, ndiyo ninayotaka kuizungumzia na wenzangu wa Kizwite, hapa Sumbawanga. Katika safari yote ya maji, toka ardhini hadi kikombe cha mtoto, hapo ndipo ninapopaogopa kuliko pengine pote.

Wengi wetu Sumbawanga tunayaamini maji ya kisima kirefu, na hatujakosea. Uwanda wa Ufipa umekaa juu ya miamba ya kale sana, na maji yanayovutwa kutoka kwenye nyufa zake yamepita kwenye udongo unaochuja kabla ya kuifikia pampu. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980, Norway ilipokuwa ikisaidia miradi ya maji Rukwa, wanajua maana ya kuacha kuchota dimbwini alikokunywa ng'ombe. Ila mwamba wa nyufa una tabia yake. Udongo wa juu ukiwa mnene, maji huchujwa vizuri. Ukiwa mwembamba, mvua ya jana huteremka na ufa moja kwa moja, ikibeba kila ilichokikuta njiani. Na hata kisima kiwe safi namna gani, mbele yake kuna tenki, mabomba, viungio, mita, koki, ndoo na kata. Anayekuuliza kama maji yetu ni salama, mrudishie swali: yakiwa wapi?

Tuanze na kukatika. Pampu ya kisima kirefu hula umeme, na umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulikuwa ukitoka Zambia. Ukizimika, pampu husimama, tenki hukauka, na bomba lililokuwa limejaa hubaki tupu. Bomba lenye msukumo, hata likiwa na tundu, hutema maji nje na uchafu haupati pa kuingilia. Msukumo ukiisha, bomba hilohilo hugeuka kuwa mrija. Hunyonya tope lililozunguka tundu, hunyonya maji ya mtaro lilipolazwa karibu na mtaro, na hunyonya chochote kilichoachwa mdomoni mwa mpira.

Nenda uani sasa hivi uangalie mpira wako wa maji. Kama ncha yake imezama kwenye beseni la nguo, kwenye pipa la kunyweshea ng'ombe, au imelala topeni karibu na banda la kuku, basi maji yakikatika leo yaliyomo humo yana njia ya kurudi bombani, kisha kwa jirani. Ukimaliza kuutumia, uchomoe kwenye koki na uutundike ukutani. Ukijaza pipa, ncha ikae juu ya maji, usiitumbukize. Kazi hii haina gharama yoyote, na sijui kingine kinachowakinga watu wengi hivyo kwa jasho dogo hivyo.

Ubaya mwingine ni pampu ndogo ya kuvutia maji inayofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Naelewa uchungu wa anayeifunga: anakaa juu mlimani, maji hayampandii. Lakini anavuta maji ya wenzake pamoja na tope la nje ya bomba. Anayehitaji pampu aache maji yaingie yenyewe kwenye tanki la chini, kisha avute kutoka humo.

Sasa yamerudi. Ufanyeje? Fungua koki uyaache yatiririke kwenye ndoo za kufulia, za kudekia na za chooni, kwa hiyo hutapoteza tone. Chukua glasi, ijaze, iweke juu ya karatasi nyeupe mahali penye mwanga. Endelea mpaka usione rangi wala chembe. Hapo ndipo ukinge ya kunywa, na hata hayo yatibu, siku hiyo na ya pili yake. Macho yanaona tope. Vimelea vya homa ya matumbo na kipindupindu hayavioni.

Kuna njia tatu za kutibu ninazoziamini. Ya kwanza ni kuchemsha, na hapa nina ushauri kwa wanaonunua mkaa. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar es Salaam. Watu wakisikia hivyo hudhani ni lazima yakae jikoni nusu saa. Si kweli, kwa kuwa vimelea vya tumboni hufa kabla ya joto hilo. Yakishatokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda toka chini, hesabu dakika moja, au tatu kama moyo haujatulia, kisha epua. Mkaa unaozidi hapo unateketea bure, na kuni nyingi tunazochoma zinatoka kwenye milima hiyohiyo inayotutunzia chemchemi. Yapoze humohumo kwenye sufuria yakiwa na mfuniko.

Ya pili ni vidonge vya klorini vinavyouzwa maduka ya dawa. Soma pakiti, maana kuna vya lita 20 na kuna vya ndoo ndogo. Tumbukiza, koroga, funika, ngoja dakika 30. Maji yenye tope huimaliza klorini kabla haijafika kwa vimelea, kwa hiyo yatulize kwanza, uyamimine polepole ukiacha mashapo, na uyachuje kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Tusikidharau kitambaa. Vijijini Bangladesh, sari iliyochakaa ikikunjwa hivyo ilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Ya tatu ni jua: chupa ya plastiki inayoonyesha, isiyozidi lita mbili, maji yawe maangavu, uilaze juu ya bati kwa saa 6 siku ya jua kali, au siku mbili kamili kukiwa na mawingu. Kiangazi chetu kinaifaa njia hii. Masika, iache.

Halafu kuna harufu. Mara ngapi tumesikia mtu akimwaga maji ya bomba kwa kuwa "yananuka dawa", kisha akaenda kuchota kisima kifupi cha jirani kwa kuwa maji yake ni matamu? Harufu kidogo ya klorini ni habari njema. Maana yake dawa haijaisha njiani, bado inalinda. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafike kwa mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita. Harufu uliyoizoea ikipotea ghafla, hasa baada ya mvua kubwa, usifurahi. Huenda kuna uchafu umeingia mahali na umeila klorini yote.

Mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada ulijifunza hilo kwa mazishi. Ulikuwa na watu wasiofika 5,000, nao walitegemea visima kama sisi. Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, maji yakapita kwenye samadi ya ng'ombe na kuingia kwenye kisima kimoja kifupi. Klorini iliyotiwa haikutosha, na waliopaswa kuipima kila siku walikuwa wakijaza daftari tarakimu za kubuni. Zaidi ya watu 2,300 waliugua, 7 wakafa. Kipimo chenyewe ni kichupa na kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi, na jibu hupatikana kwa dakika chache. Ndiyo maana nawaomba wenyeviti wa mitaa na wajumbe wawe na swali moja la kumuuliza mhudumu wa maji kila wanapokutana naye: klorini ya leo ni ngapi, na imepimwa kwenye koki ya nani? Mjini hilo ni la kuuliza SUWASA, mamlaka ya maji ya mji. Vijijini ni la kuuliza RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chombo cha watumia maji cha kijiji. Mhudumu mwema hufurahi kuulizwa.

Tukirudi nyumbani, simtanki juu ya mnara hutupa usingizi mzuri kupita kiasi. Panda uchungulie. Mfuniko umefunga? Kuna mwani pembeni, mashapo chini? Lisafishe angalau mara mbili kwa mwaka, moja ikiwa kabla ya mvua za Novemba. Limwage lote, lisugue kwa brashi isiyofanya kazi nyingine, lisuuze, lijaze tena. Kwa kila lita 1,000 tia lita moja na nusu ya dawa ya kufulia ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5, ile isiyo na manukato. Fungua koki za ndani mpaka unuse klorini, kisha zifunge. Acha usiku kucha, mtu yeyote asitumie. Asubuhi mwaga yote mbali na bustani na mifugo, suuza tena, ndipo ujaze ya kutumia.

Ndoo ya kunywea iwe na mfuniko na koki yake chini. Kama ni ya kuchota, kata iwe na mpini mrefu na itundikwe, isilazwe juu ya mfuniko. Vidole vya mtoto aliyetoka chooni vinaweza kuharibu kwa mara moja kazi yote ya kisima cha mita 80.

Kisima kifupi cha uani kiwe mita 30 au zaidi kutoka choo cha shimo, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko, ukihesabu na cha jirani. Viwanja vingi vyetu havina nafasi hiyo. Basi maji yake yawe ya kufulia na kumwagilia, na watoto waambiwe hivyo waziwazi.

Yapo mambo moto hauyaondoi. Chuma huacha kutu kwenye mashuka na kuifanya chai kuwa nyeusi; huudhi, ila kwa kawaida hakidhuru. Naitreti, inayotoka kwenye mbolea za mashamba ya mahindi na kwenye vyoo, haina rangi wala ladha, na kuchemsha huizidisha nguvu kwa kuwa maji hupungua, naitreti ikibaki. Hatari yake kubwa ni kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya unga, kwani huizuia damu yake kubeba hewa. Madini ya floraidi, yaliyowageuza kahawia meno watu wengi wa Arusha, nayo hayaogopi moto. Naitreti na floraidi hujulikana maabara peke yake.

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, Sumbawanga ikiwemo. Nyumba kumi zikichangishana, gharama ya kipimo kimoja haimuumizi mtu. Kwa kipimo cha vimelea, omba chupa yao iliyotakaswa na usiisuuze, ile dawa ndani yake imewekwa makusudi. Ondoa mpira kwenye koki, ifute, ichome mdomo kwa moto kama ni ya chuma, acha maji yaende dakika mbili au tatu. Kinga bila kugusa shingo ya chupa, acha nafasi kidogo juu, funga, weka kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 6. Na usiipeleke Agosti, nchi ikiwa kavu na kila kisima kikionekana malaika. Ngoja mvua kubwa ya kwanza, asubuhi bomba linapokohoa na ndoo zimepangwa, kisha chukua sampuli siku hiyo.