Mtoto Akisema "Tutu" Badala ya "Kuku"

Leo tuweke kando mambo ya mbuzi wa maziwa na daftari la hesabu, tuongee juu ya ndimi za watoto wetu.

Tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama, tukakuta mvulana wa miaka minne akifukuza kuku. "Tutu! Tutu!" Wenzake wakamcheka, naye akanyamaza, akajificha nyuma ya mama yake. Mama akatuambia kwamba mwalimu wa chekechea amesema ati huyo ni mjinga, na nyanya yake anataka akatwe kilimi. Tukawaomba wangoje kidogo.

Kwanza tuelewe kwamba sauti haziji zote siku moja. M, b na p huja mapema, maana mtoto huziona midomoni mwa mama. K na g hutoka huko nyuma ya ulimi, mahali asipoona kitu. R, th, dh na sh huchelewa zaidi. Mtoto wa miaka minne anayesema "luka" badala ya "ruka" si mgonjwa. Tena kuna lugha ya nyumbani. Kikuyu hakina l, basi mtoto atasema "rara". Kikamba hakina r, atasema "balua". Kijaluo hakina sh, atasema "samba", lakini th na dh ni rahisi kwake kuliko kwa wengi wetu! Hiyo si kasoro. Asichapwe kwa ajili ya lugha ya mama yake.

Sasa tumsaidie namna gani? Kumfokea "Sema vizuri!" humfunga mdomo tu. Akisema "tutu amekula", wewe jibu: "Ee, kuku amekula. Kuku wetu alikuwa na njaa." Amelisikia neno mara mbili na hakuna aliyemwaibisha.

Sikio hutangulia ulimi, kwa hivyo anzeni na kusikiliza. Weka mbele yake kaa lililopoa na taa isiyowashwa. Taja moja, achague. Akishaweza, mbadilishane: yeye ataje, wewe uchague. Akitaka kaa na akasema "taa", mpe taa. Atashangaa, na hapo ndipo ataanza kuutafuta ulimi wake mwenyewe.

Kwa k, mlaze chali kwenye mkeka. Ulimi hurudi nyuma wenyewe. Kwa sh, weka kidole mdomoni kama unayenyamazisha mtoto mchanga. Th hutaka ncha ya ulimi kati ya meno, apulize polepole. Dh ni hivyo hivyo, ila ashike koo asikie likitetemeka. R msiihangaikie kabla ya miaka mitano. Baadaye aseme "d-d-d" haraka haraka, ulimi ukigonga nyuma ya meno ya juu. Kioo kidogo husaidia sana. Dakika tano zatosha, mkiwa mnachambua maharagwe. Akichoka, acheni.

Turudi kwa yule mvulana. Tulisimama nyuma yake tukatikisa mkebe wenye punje za mahindi. Hakugeuka. Tukarudia, hakugeuka. Mama akakumbuka kwamba sikio limekuwa likitoa usaha tangu msimu wa mvua. Kumbe huyo mtoto hakuwa mjinga wala mkaidi, alikuwa hasikii vizuri! Kikundi kikachanga nauli siku ile ile, akapelekwa hospitali akatibiwa. Siku hizi anasema "kuku", ingawa akiwa na haraka "tutu" bado humponyoka, na mwalimu amemhamishia kiti cha mbele.

Kilimi chake kiko salama. Kukikata hakuleti maneno, huleta damu na vidonda. Kama ulimi wenyewe umeshikwa chini kweli, daktari ndiye wa kuamua.

Msingoje kama mtoto ametimiza miaka miwili bila neno lolote, au ana miaka minne na wageni hawamwelewi, au alikuwa akiongea na sasa ameacha. Anzeni kliniki, kisha ulizeni ofisi ya elimu kuhusu kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, ambacho wengi hukiita EARC. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984. Mkienda, chukueni kadi ya kliniki ya mtoto, na aende mtu anayeshinda naye nyumbani, hata kama ni nyanya.